Sahani, tofali au kinyumenyume? Picha za kumpa anayeanza vichekesho vya papo kwa papo

Kijana alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono mfukoni. Mwenzake akaingia akichechemea, akajitupa kwenye kiti cha plastiki, akasema: "Daktari, mguu wangu umeota mchicha." Chumba kizima kikasubiri. Kijana akanigeukia mimi badala ya mgonjwa. "Mwalimu, mbona mimi sijasomea udaktari?"

Watu walicheka, lakini walimcheka yeye. Kosa lilikuwa langu. Dakika mbili kabla ya hapo nilimwambia ajiachie tu, aseme chochote kitakachomjia. Na hicho ndicho kilichomjia.

Tangu siku hiyo simwambii mtu ajiachie. Nampa picha ya kushika kichwani. Tatizo ni kwamba picha zenyewe ni nyingi, kila mwalimu ana yake, na anayepewa zote kwa mpigo hupanda jukwaani kama mtu aliyetoka kuhama nyumba, kabeba kila kitu na hajui aweke nini wapi. Hapa nalinganisha nne ninazozitumia, na ya tano kwa ufupi, kwa ajili ya anayeongoza kikundi cha maigizo shuleni, chuoni au mtaani na hajui aanze na ipi. Sanaa yenyewe wasomi huiita ufaraguzi. Wachezaji huomba neno moja kutoka kwa hadhira, kisha wanacheza bila mswada. Klabuni kwetu, Jumamosi, tunasema papo kwa papo, na igizo moja fupi tunaliita kipande.

## Vipimo vyangu

Naangalia mambo manne. La kwanza, mwili unajua ufanye nini? Picha nzuri hugeuka kitendo ndani ya sekunde mbili. "Kuwa kama maji" inapendeza kwenye kanga, lakini jukwaani maji yanafanya nini? La pili, inatibu kosa gani. La tatu, inazaa kosa gani, maana sijaona hata moja isiyozaa. La nne, msikilizaji anaijua maishani mwake, au nitatumia robo saa kuielezea?

Ili nisipendelee, kila picha nitaipitisha kwa mgonjwa yuleyule wa mchicha.

Kioo sikukiweka kwenye orodha ingawa ni maarufu. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani, alikuza michezo yake Chicago akiwa na watoto wa wahamiaji ambao hawakuwa na lugha moja, na zoezi lake la kioo, watu wawili wakiigana mpaka hajulikani nani anaongoza, halihitaji maelezo. Wasimamishe wawili uso kwa uso, uone.

## Sahani ya jirani

Walimu wengi hutumia neno zawadi: kila analosema mwenzako ni zawadi, ipokee. Wachezaji wa Chicago wameikata zaidi ikabaki "Ndiyo, na…", yaani kubali alichosema kisha ongeza chako. Mimi zawadi nimeiacha, kwa sababu zawadi kwetu hufungwa karatasi, hupigwa picha, na mara nyingi huishia kabatini. Nasema sahani. Aliyekulia uswahilini anajua kwamba jirani akikuletea sahani ya futari, hairudi tupu. Unaweza kukaa nayo siku mbili, lakini ikirudi ina kitu ndani, hata kama ni maembe matatu.

Mwili unafanya nini. Pokea, weka kitu, rudisha. Mgonjwa kaleta mchicha. Daktari anainama, anachuma jani moja, analinusa: "Na huu ni wa kienyeji. Unamwagilia asubuhi au jioni?" Sahani imerudi na maembe. Sasa mgonjwa ni mtu anayemwagilia mguu wake, na ana kitu cha kujibu.

Inatibu kukataa. "Mimi si daktari." "Huo si mchicha, acha utani." Anayeanza hakatai kwa ubaya, anakataa kwa woga. Akikataa, mambo yanabaki pale yalipokuwa, na pale anapajua.

Inazaa ndiyo-mzee. Baada ya wiki tatu za sahani nilikuwa na kikundi cha watu wenye adabu za kuchosha, kila mmoja akikubali kila kitu, hakuna ugomvi, hakuna hadithi. Hapo ndipo inabidi utenganishe mwigizaji na mhusika. Mgonjwa ana haki ya kukataa sindano. Daktari ana haki ya kumfukuza. Wasichoweza kukikataa wote wawili ni kwamba mchicha upo. Hili nalirudia kila wiki, na kila wiki kuna anayeniangalia kama nalisema kwa mara ya kwanza.

Na kuna sahani ambazo hazipokelewi. Mtu akileta mzaha wa kumpapasa mwenzake, au wa kumtukania kabila, sheria ya sahani imekoma na kipande kinasimamishwa. Liseme siku ya kwanza, kabla halijatokea, kwa sababu wapo watakaotumia "Ndiyo, na" kama kibali.

Inamfaa mgeni kabisa, na kikundi ambacho watu hawajajuana. Watu wa ofisini pia, wale waliozoea kuketi vikaoni wakitafuta dosari katika wazo la mwingine.

## Tofali

Hii nayo ni ya Chicago. Anayetajwa nayo zaidi ni Del Close, aliyefundisha huko miaka mingi mpaka alipofariki 1999: usije jukwaani na kanisa kuu zima, njoo na tofali moja. Kwetu haihitaji tafsiri. Mwaka huu umemwaga msingi, mwakani umenunua tofali mia tano, nyumba inafika linta, inasimama hapo mpaka watoto wanamaliza sekondari. Kila mtu ana shangazi mwenye nyumba ya namna hiyo.

Mwili unafanya nini. Sema sentensi moja, kisha nyamaza. Kati ya picha zote hii ndiyo yenye kipimo unachoweza kukihesabu, na kwa mwalimu mwenye darasa la watu ishirini hilo si dogo.

Inatibu mtunzi aliyejificha. Kila kikundi kina mmoja. Huyu hawezi kusema mguu umeota mchicha akaishia hapo. Anasema: "Daktari, mguu wangu umeota mchicha kwa sababu mke wangu wa zamani alinilaani nilipouza shamba la baba yake, na nimebakiwa na siku tatu, na ndugu yangu aliyeko Mwanza anakuja na basi la usiku." Daktari amebaki na kazi gani hapo? Ya kutikisa kichwa. Ukimwambia huyu "sikiliza zaidi" atakuitikia na hatabadilika. Ukimwambia "umeleta ghorofa, mwenzako hana pa kuweka tofali lake," anaelewa palepale, na wengine wataanza kumzomea "ghorofa!" kila akirudia. Sijawazuia.

Inazaa ghala. "Hapa kuna meza." "Ndiyo, na kuna kiti." "Na kuna dirisha." Nimewahi kukaa dakika nne nzima nikisikiliza orodha ya samani. Tofali zilikuwepo, ukuta haukuwepo. Dawa yake nimeiazima kwa Upright Citizens Brigade, kundi la papo kwa papo la New York, wao husaka jambo la kwanza lisilo la kawaida, kisha kila kinachofuata hupangwa juu ya hilo. Kwetu ni mchicha. Kama mguu wa mtu unaweza kuota mchicha, nini kingine ni kweli katika hospitali hii? Dirisha la dawa linauza mbolea. Nesi anaingia na jembe. Wodi ya wazazi sitaki hata kuifikiria. Lakini picha ya tofali peke yake haikuambii hayo, lazima uongeze kwamba tofali zote ni za ukuta mmoja.

Inamfaa mwenye maneno mengi, mwandishi, na mchekeshaji aliyezoea kusimama peke yake na maiki.

## Kutembea kinyumenyume

Keith Johnstone alikuwa mwalimu wa maigizo, Mwingereza. Alianza kazi kwenye ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London, miaka ya 1950, baadaye akahamia Kanada, na huko Calgary ndiko lilikoanzishwa kundi la Loose Moose mwaka 1977. Picha yake ni ya mtu anayetembea kinyumenyume. Aendako hapaoni. Anachokiona ni njia aliyoipita na vitu alivyoviacha humo.

Nakiri hii ndiyo niipendayo, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari. Kiswahili chenyewe kinaibeba vizuri: yaliyopita tunasema "huko nyuma", yajayo "huko mbeleni". Basi huyu ameyapa mgongo ya mbeleni.

Mwili unafanya nini. Mwanzoni, hakuna. Ukiieleza kwa maneno watu watakuitikia kwa heshima na hakuna kitakachobadilika. Mimi nilielewa nguvu yake kwa bahati. Wale wawili wa mchicha walirudia kipande chao mwezi mmoja baadaye. Kilianza vizuri, mchicha ukavunwa, ukapimwa mafungu, na kufikia dakika ya tatu daktari akakwama. Macho yakapanda darini. Ukiona macho ya mchezaji yako darini, jua anasaka kitu mbeleni ambako hakuna kitu. Nikamwuliza kutoka pembeni, kwa sauti ndogo, "Huko nyuma umeacha nini?"

Alisimama kidogo. Mgonjwa, wakati anaingia, alikuwa ametaja kwa kupitia tu kwamba mama mkwe wake anamsubiri nje kwenye bajaji. Hakuna aliyeijali ile sentensi. Daktari akatembea mpaka mlangoni, akaufungua mlango ambao haupo, akaita: "Mama, karibu ndani. Na sufuria njoo nayo."

Sijasikia kicheko cha namna ile klabuni kabla wala baada. Na hakuwa amebuni chochote kipya, sufuria tu. Hadhira ilikutana na mama iliyekuwa imemsahau, ikajiona na yenyewe ina akili.

Zoezi la kuifanya iingie mwilini ni rahisi. Kaeni duara, kila mtu aongeze sentensi moja kwenye hadithi. Ikifika ya kumi, marufuku kuleta kitu kipya. Kuanzia hapo mnaokota vilivyokwisha kutajwa tu mpaka hadithi ifungike.

Inatibu kukwama katikati, na ugonjwa wa vipande visivyojua kuisha.

Inazaa makosa mawili. Sekunde za kwanza haikusaidii kitu, kwa kuwa hujaacha chochote nyuma, na ukiwapa wanaoanza watasimama tu wakitazamana. Na aliyeipenda kupita kiasi huokota kila takataka: mama mkwe anarudi, bajaji inarudi, sufuria inarudi mara ya tatu na watu washaichoka.

Inamfaa mwenye miezi kadhaa ya mazoezi ambaye mianzo yake ni mizuri.

## Ubao wa kupanda na kushuka

Ule wa watoto: ubao umelazwa juu ya gogo, huku mtoto, huku mtoto, mmoja akipanda mwingine anashuka. Huu pia ni wa Johnstone. Waigizaji wake London walikuwa wakishindwa kucheza mazungumzo ya kawaida bila kuonekana wanaigiza, mpaka alipomwambia kila mmoja ajaribu kuwa juu kidogo, au chini kidogo, ya mwenzake. Neno "kidogo" lisisahaulike.

Wazungu hulazimika kueleza habari hii ya cheo kwa kurasa nyingi. Sisi tuna shikamoo. Nani anaanza, nani anaitikia, kwa sauti gani, baada ya muda gani: ubao wote uko humo. Tazama:

"Shikamoo, daktari."
(Daktari anaandika.)
"Shikamoo."
"Mm."

Hakuna aliyetania, na tayari watu wanacheka, kwa sababu kila mmoja ameshawahi kukalia benchi hilo. Halafu daktari anainua macho, anauona mchicha. Anaweka kalamu chini. Anasimama. "Shikamoo, mzee." Ubao umegeuka, na mgonjwa anakunja nne: "Marahaba. Kaa."

Mwili unafanya nini. Shingo, mgongo, macho, mikono. Kati ya picha zote hii ndiyo ya mwili zaidi, na mtoto wa darasa la nne anaicheza siku ya kwanza. Ukiwa Nairobi, shikamoo haina uzito uleule, lakini ubao upo: sikiliza nani anamwita nani "mkubwa", na nani anahamia Kiingereza kwanza. Hilo la Kiingereza hata Dar linafanya kazi, labda kuliko tunavyopenda kukiri.

Inatibu kipande chenye maneno mengi na watu wasiohusiana, kama abiria wawili wanaotoa matangazo.

Inazaa bosi anayefoka na dada wa kazi mjinga. Kila kikundi hupita hapo. Ukubwa unachezwa kwa kelele, udogo unachezwa kwa kumdhihaki mlinzi, mshamba, mwenye lafudhi. Sheria yangu ni kwamba anayeanza juu lazima ashuke kabla kipande hakijaisha. Haimalizi tatizo lote, ila bosi akijua atashuka huanza kufoka kwa uangalifu.

Inamfaa anayesema "mimi sichekeshi". Huyu hahitaji kuchekesha, anahitaji tu kupanda na kushuka.

## Sebene, kwa ufupi

Wanaoandika kwa Kiingereza hupenda kusema vichekesho hivi ni kama jazz. Nilijaribu. Wazee wetu waliposikia neno jazz walikuwa wakiwazia Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo zilikuwa bendi za dansi, na vijana wangu hawakuwazia chochote. Nikahamia sebene. Kuna mzunguko wa gitaa usiotetereka, na juu yake gitaa la solo linacheza linavyotaka na atalaku, yule mchangamshaji, anarusha majina. Ukiuondoa mzunguko, zinabaki kelele.

Kwa mwili haisaidii sana. Inatibu imani mbili: kwamba papo kwa papo maana yake hakuna utaratibu, na kwamba sanaa hii imekuja na ndege. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, Kongo, lilipoandaa mwaka 1986 igizo la Kiswahili kuhusu mamlaka, lilijadiliana kisa, likagawana nafasi, na maneno yakawa ya waigizaji wenyewe, bila mswada. Mzunguko upo, solo ni yako. Inachozaa ni mpiga solo asiyejua kuacha. Inamfaa mtu mwenye shaka, mkuu wa shule kwa mfano, anayetaka kujua kama hiki mnachofanya ni kitu.

## Kulingana na hali yako

Una saa moja na watu ambao hawajawahi: sahani, basi. Usiongeze ya pili, hata ukiwashwa.

Wakiwa ni watoto, au wanaozungumza Kiswahili cha aina tofauti tofauti, Mkongomani hapa, Mkenya pale, anza na ubao, maana mgongo na shingo vinaeleweka kabla ya msamiati. Kikundi kikiwa na mzungumzaji mmoja anayemeza wengine, leta tofali, na ulilete kwa wote ili asione umemlenga yeye. Vipande vikianza kwa moto na kuzimika dakika ya tatu, umefika wakati wa kinyumenyume. Kikundi kilichokomaa lakini kimekuwa na adabu mno, rudi kwenye ubao kwa wiki mbili, uiache sahani ipumzike.

Una dakika tano kabla ya onyesho na mtu anatetemeka? Usimpe picha mpya. Mkumbushe ile aliyoizoea, hata kama wewe una bora zaidi.

Na usishangae wakikuletea yao. Yule kijana ambaye hakusomea udaktari, sahani ilimsaidia nusu, tofali halikumsaidia kabisa. Siku moja akanifuata wakati tunapanga viti. "Mwalimu, kumbe hii ni kama konda. Yeyote aliyesimama kituoni, unapakia." Nikamwambia ndiyo, na wiki iliyofuata nikamwachia aongoze yeye kipande. Kilikuwa na daktari, mgonjwa, mama mkwe, dereva wa bajaji, padri na mbuzi wawili, na hakuna aliyeshuka.